Nguo Isiguse Jani

Wasichana wanaokwenda Saudia hupitia kwangu siku hizi kuniuliza wabebe nini. Nikiwaambia sweta, wanacheka. Mmoja wao, mjukuu wa jirani yangu, aliniambia, "Shosho, mimi naenda jangwani, siendi Kinangop." Hata mimi wakati wangu ningecheka. Lakini mwalimu anayewafundisha kutumia mashine za kufulia pale kituo cha mafunzo amenisihi niandike niliyojifunza kazini, awe anawasomea kabla hawajapanda ndege, nami nimekubali bila hakika kama ninayo ya kusomewa mtu. Niliishia darasa la saba. Naandika, nafuta. Nikiona nimeanza kumsema mtu vibaya, narudi nyuma kuangalia kama nimemwonea.

Mshahara sitauongelea, kila mtu ana wake wa kuulilia. Wala sitaongelea nilivyopandishwa kutoka kuosha vyoo hadi kupika, maana vyoo niliendelea kuosha. Nitaandika juu ya maua. Najua wengi watashangaa, maana kwenye karatasi yangu ya kazi hakukuwa na neno maua.

Nilifika Riyadh mwezi wa kwanza, nimevaa gauni la pamba na ndara. Ajenti alituambia joto, joto, joto, tukaamini. Tulipotoka uwanja wa ndege upepo ulinikata masikio. Bosi wangu, ambaye wote tulimwita Baba, alikuja kunichukua mwenyewe. Njiani alipoona natetemeka kiti cha nyuma aliwasha joto la gari, na yeye mwenyewe akavua koti kwa jasho. Hilo naliandika mapema, kwa sababu mbele nitaandika mengine juu yake, na sitaki mtu anisome nusu.

Nyumba ilikuwa Suwaidi, upande wa magharibi wa mji, mtaa wa nyumba zenye kuta ndefu. Mbele kulikuwa na ua wa magari na wageni wanaume. Nyuma kulikuwa na uani kwa wanawake, kuna mlango wake wa chuma, na hapo haingii mwanamume asiye wa nyumba hiyo. Mtunza bustani wa mbele alikuwa anakuja kila wiki, anakata nyasi, anaondoka. Uani hakuwahi kuuona. Kwa hiyo chochote kilichoota huko nyuma kilikuwa mikononi mwetu sisi wafanyakazi wa ndani.

Sisi tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Bi Mwanaidi, mtu wa Unguja, mwanamke mfupi wa makamo yaliyokwisha kupita, magoti mabovu, ulimi mzima. Alinipokea jikoni, akanitazama miguu, akaenda akarudi na soksi za kiume.

"Vaa. Unaitwa nani?"

"Wairimu."

"Hapo ndimi zao hazitafika. Hapa utaitwa Mariamu. Mimi mwenyewe nilikuwa Mariamu miaka, mpaka Hajja alipohamia hapa akauliza jina langu la kwetu. Kwa hivyo hilo Mariamu lipo, halina mtu. Livae na soksi."

Hajja alikuwa mama yake Baba. Kwao ni milimani, kusini kabisa mwa nchi, na mumewe alipofariki mwanawe alimleta aishi naye. Alikuja na nguo zake, tasbihi yake, na gunia la mizizi. Hiyo mizizi ndiyo sausani. Ni ua jeupe, majani yake kama visu vilivyosimamishwa, na mzizi wake unafanana na tangawizi, unalala juu ya udongo mgongo wazi kama mtu anaota jua. Hajja aliniambia huko kwao zamani walikuwa wanazipanda makaburini, na hizi zilitoka alipolazwa mama yake. Baba hakuzipenda hizo habari za makaburi, alisema ni mambo ya kale yasiyo na msingi. Lakini maua yenyewe hakuyakataa. Aliagiza udongo mzuri, na kitalu kikajengewa matofali chini ya ukuta wa kaskazini.

Sausani haziogopi baridi ya kawaida. Huku kwetu watu wakisikia ua la jangwani wanadhani linakufa kwa baridi tu. Hapana. Mwezi wa kwanza linakaa kimya na baridi yake. Hatari ni baadaye, jua likishaanza kupasha ukuta, matumba ya maua yamejaa maji, halafu baridi inarudi siku chache kwa hila. Waarabu wanaiita baridi ya kizee. Hajja alinieleza sababu: kulikuwa na bibi kizee aliyeona jua zuri mwisho wa kipupwe, akasema baridi imekwisha, akawanyoa kondoo wake sufu yote. Baridi ikarudi, kondoo wakafa.

"Na yule bibi?" nikamuuliza.

"Yeye hakufa," Hajja akasema. "Ndiyo ubaya wake."

Mwaka wangu wa kwanza nilijitia mjuzi. Kwetu Kinangop tunaijua sakitu, ule umande unaoganda asubuhi mweupe kama chumvi na kuunguza viazi. Wazee huwasha moto wa majani mabichi pembeni mwa shamba, moshi ukalala juu ya viazi kama blanketi. Nikamwambia Bi Mwanaidi, naye, nadhani kwa kutaka kucheka, akaniachia. Alfajiri nikajaza jiko la makaa makuti mabichi ya mtende. Moshi haukulala. Ulipanda, ukavuka ukuta, ukaingia kwa jirani, na mama wa huko akaanza kupiga kelele kwamba tunaungua. Baba akaja mbio, mguu mmoja kandambili ya kwake, mwingine ya mtoto.

"Nini hii?"

"Udi wa Kikenya, baba," Bi Mwanaidi akasema, uso mkavu.

Baba alitazama jiko, akanitazama mimi, akaenda zake. Hakunigombeza. Alipofika kwa Hajja nadhani alicheka.

Baada ya hapo nikafundishwa kazi. Mchana jua likiwa kali, Bi Mwanaidi alimwagia udongo maji, udongo tu, jani lisiguswe. Udongo uliolowa unahifadhi joto la jua, mkavu unaliachia. Baada ya sala ya alasiri tulileta vianikio vya nguo, vile vya chuma vya kukunja, tukavipanga juu ya kitalu kama mahema. Juu yake tulitandika mashuka makuukuu na magunia ya mchele, tukayafikisha mpaka chini na kuyabana kwa mawe. Hapo ndipo alipokuwa mkali kuliko mahali pengine pote. Alizunguka kitalu kizima akipitisha mkono kati ya shuka na majani.

"Nguo isiguse jani. Ikigusa, baridi ya nje inapita kama mtu kapewa mlango. Na nailoni usiniletee kabisa. Nailoni inakusanya jasho la udongo ndani, jasho likiganda limeganda juu ya jani."

Asubuhi, jua likishafika kwenye matofali, tulifunua kila kitu. Ukichelewa majani yanapikika, ukiwahi baridi inayaunguza. Kwa hiyo siku hizo kazi nyingine zote zilipangwa kuzunguka kitalu. Nguo za familia zilikauka wapi? Zilikauka juu ya milango. Madam, mke wa Baba, alilalamika shati la shule kukutwa juu ya mlango wa choo, na alikuwa na haki.

Bi Mwanaidi hakuzaliwa akijua. Mwaka sausani zilipofika alizifukia chini kabisa kuzikinga. "Nilizizika kama maiti, zikaoza kama maiti," alisema. Nusu ya gunia la Hajja ilikwenda hivyo. Hajja hakumfukuza. Alikaa chini kando yake, wakafukua pamoja, akamwonyesha kwa vidole: mzizi mgumu kama tangawizi ni mzima, ulio laini kama ndizi mbivu mno ni mfu. Tangu hapo wale wawili walikuwa na kitu chao ambacho sisi wengine tulikiona kwa nje.

Sasa niandike jambo lenyewe. Kila mwaka, baridi ikianza, Baba alikuwa na mazungumzo na mamake sebuleni, na sisi jikoni tunasikia.

"Mama, hii nyumba si hoteli. Wafanyakazi wawili wa nini? Mwanaidi amezeeka. Arudi kwao apumzike na watu wake."

"Na sausani zangu utafunika wewe?"

Baba anacheka, mazungumzo yanaisha mpaka mwaka ujao. Siku ya kwanza nilipoyasikia, Bi Mwanaidi alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua uso.

"Umesikia, Mkenya? Mimi nimeshikiliwa hapa na majani."

"Kwani hutaki kupumzika?"

"Nitapumzika Salma akimaliza." Salma ni mjukuu wake, alikuwa anasomea uuguzi Unguja, na ada yake ilitoka kwenye mikono ile niliyoiona ikikata vitunguu. "Mama yake aliosha sahani za watu. Mimi naosha. Yeye nataka ashike sindano. Akishamaliza, hata wakinifungia sanduku siku hiyo hiyo, nitawabusu mikono."

Mwaka ninaouandika, Salma alikuwa amebakiza mwaka mmoja na kitu. Jua lilikuja mapema. Matumba yalijaa mpaka yakawa kama vidole, na Hajja alikaa uani kila siku baada ya chai akiyaangalia, akisema mwaka huu, mwaka huu. Halafu shule zikafungwa na Baba akatangaza tunakwenda Jeddah, kwa dada yake, wote. Bi Mwanaidi aliacha sufuria jikoni akaenda kusimama mlangoni pa sebule. Mimi nilikuwa napanga vikombe, kwa hiyo nilisikia kila kitu, na nayaandika nilivyoyasikia.

"Baba, niache mimi. Baridi ya kizee haijapita."

"Mwanamke peke yake ndani ya nyumba? Watu watasema nini? Na ukiugua?"

"Basi ufunguo wa uani apewe mlinzi wa mbele. Jioni afunike, asubuhi afunue. Nitamwonyesha."

"Mwanamume kwenye ua wa mama yangu? Mwanaidi, una homa?"

"Hatakuwamo mwanamke hata mmoja, baba."

"Ua ni ua."

Nimelifikiria sana hilo neno. Sidhani alikuwa na ubaya. Baba yake angesema hivyo hivyo, na babu yake. Hata Hajja, aliyekuwa na la kupoteza, hakusema ufunguo utolewe. Alisema tu, "Zifunike vizuri, Mwanaidi."

Kufunika vizuri ukaenda zako haiwezekani, maana kufunika ni kazi ya kila siku. Bi Mwanaidi akafanya alichoweza: akasimamisha vianikio na magunia upande wa upepo tu, juu akaacha wazi ili jua lipite. Akamwagia udongo maji. Tukapakia gari. Hapo Hajja akagoma kuingia. Alisimama kwenye mlango wa uani ameshika ukingo, anatazama lile wazi la juu, machozi yanamtoka kama mtoto.

Baba akarudi ndani. Akatoka na nailoni kubwa nene iliyokuwa imefunikia magodoro mapya. Akavua kilemba chake, akampa mwanawe ashike, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa na kanzu yake nyeupe, akaitandaza nailoni juu ya kitalu kizima kwa mikono yake, akaibana kwa matofali. Mwanamume yule hakuwahi kushika hata kikombe chake akakipeleka jikoni. Alifanya hivyo kwa ajili ya mama yake. Mimi niliona.

"Baba," Bi Mwanaidi akasema nyuma yake, polepole, "nailoni inalala juu ya majani. Bora uache wazi kuliko hivyo."

"Mwanaidi, halas. Mama analia."

"Itaganda, baba."

"Halas, nimesema. Yalla, gari linangoja."

Hajja aliona nailoni, akatulia, akaingia garini. Baba akafunga mlango wa uani na ufunguo akautia mfukoni mwa kanzu yenye matope magotini. Tuliuacha mji nyuma, ukabaki mchanga kulia na kushoto. Ndipo Bi Mwanaidi akaninong'oneza Kiswahili, "Umeona, Mkenya? Amezivika sanda."

Jeddah hakuna baridi. Unatoka jasho ukiwa umekaa. Watoto walikwenda baharini kila siku, sisi tukawaoshea mchanga. Ijumaa nilipewa ruhusa mchana kwenda kumwona msichana wa kwetu aliyepanga chumba na wenzake mtaa wa Bani Malik. Nilichukua teksi ya kuchangia, nikapanda ngazi mpaka juu, tukala chapati tukizisifu kupita kiasi kwa sababu zilikuwa za kwetu. Akanionyesha kwenye simu picha zinazozunguka: mtu wa Riyadh anakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa sahani ya plastiki, anacheka. "Ona hawa," yule msichana akasema, "wanafurahia sakitu kama zawadi." Nikaiweka chini chapati.

Nilirudi nimejipanga nisiseme. Nikakuta wanajua. Hajja na Bi Mwanaidi walikuwa wamekaa sakafuni, wamelaza simu ya Hajja kati yao, mlinzi wa Riyadh anasikika kwa sauti kubwa.

"Kuna baridi?" Hajja akauliza.

"Baridi, Hajja! Maji ya paka yameganda, paka ananitazama mimi kama nimeyagandisha."

"Nenda uani ukatoe nailoni."

"Mlango umefungwa, Hajja. Ufunguo mafi, sina."

"Panda ukuta."

"Nipande ukuta wa uani kwako? Wataniita mwizi, na wa kwanza kuniita atakuwa mwanao."

Bi Mwanaidi akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na meno. Hajja akamwita Baba, akamwomba turudi kesho. Baba alisema watoto wameingoja bahari mwaka mzima na amewaahidi mpaka mwisho wa wiki. Ni kweli aliwaahidi, na ni kweli waliingoja. "Mama, nimezifunika mwenyewe," akasema. "Usihofu."

Tulirudi, Baba akafungua mlango wa chuma, akatangulia yeye. Nailoni ilikuwa imebandikana na majani kama ngozi. Alipoinyanyua, majani yalikuja nayo, meusi, na matumba yalikuwa kama sukuma wiki iliyochemshwa ikasahauliwa. Mahali pawili, pale kianikio kilipoinyanyua nailoni ikaachana na majani, palibaki majani ya kijani. Baba aliyaona pia. Alitazama pale kijani, akatazama pale peusi, na nadhani alielewa, maana alikunja nailoni haraka akaenda kuitupa mwenyewe. Hajja hakutoka tena kuja uani kwa siku nyingi baada ya hapo. Alitazama mara moja, akaingia chumbani.

Bi Mwanaidi alipiga magoti kwa shida, akaingiza vidole chini ya yale machafu. "Njoo ushike." Nikashika. Mzizi ulikuwa mgumu. Na mwingine mgumu. Tukapita kitalu kizima, tangawizi, tangawizi, mmoja tu ndizi.

"Zi hai," akasema. "Zimeungua nguo, mwili haujaungua."

Akamfuata Baba pale pale, mikono ina udongo.

"Baba, mwaka huu hazitachanua. Mwakani zitachanua. Usiruhusu mtu achimbe wala akate majani."

"Mwakani," Baba akasema. Akatabasamu, na lile tabasamu ndilo sijalisamehe, ingawa halikuwa la dharau, lilikuwa la huruma. "Mwanaidi, kila mtu angependa mwakani."

Alidhani anaomba kazi. Na kweli alikuwa anaihitaji kazi, kila mtu alijua. Kwa hiyo kila ukweli aliousema juu ya mizizi ulisikika kama ombi. Mimi nilijaribu kusema kwamba nimeshika kwa mikono yangu. Akaniambia, "Mariamu, wewe ni rafiki yake." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Safari hii mazungumzo ya sebuleni yalikuwa mafupi. Hapakuwa na swali la nani atafunika. Karatasi ya huruji ya Bi Mwanaidi, ya kuondoka moja kwa moja, ilitoka kabla ya joto kuanza. Jioni moja nikimpaka Hajja mafuta miguuni nilijipa moyo nikamuuliza kwa nini hakusema neno kwa mwanawe.

"Katika nyumba hii nilikuwa na neno moja, Mariamu," akasema. "Lilikuwa uani. Limeungua."

Baba alimpa Bi Mwanaidi haki yake yote, na zaidi. Blanketi mbili nzito, tende, sanduku jipya, na alimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Aliamini anampumzisha mzee. Wako waliotupwa nje bila hata viatu, kwa hiyo ninapoandika kwa uchungu lazima niandike na hili. Asubuhi ile Bi Mwanaidi alinipa kisu chake kidogo cha kugawia mizizi, amekizungushia kitambaa.

"Majani yaliyoungua usiyakate mpaka yakauke yenyewe. Ni mabaya lakini yanafunika."

"Na Salma?"

"Mungu yupo," akasema, akaangalia mlangoni kama gari limeshaita, na lilikuwa halijaita.

Niliacha yale meusi yakauke. Madam alisema uani panatia aibu mbele ya wageni. Nikamwambia Hajja ndiye ameagiza, na Hajja alipoulizwa akaitikia bila kujua anaitikia nini, au akijua. Baridi iliyofuata tulikuwa Riyadh. Nikamwagia maji, nikapanga vianikio, nikapitisha mkono. Kizee akaja, akapita.

Zilichanua kuliko mwaka wowote. Nyeupe ukuta mzima, mpaka uani pakawa kama pameanikwa mashuka. Hajja alitolewa na kiti chake. Baba akaja akapiga picha, akazituma kwa dada yake Jeddah, kwa binamu, kwa kila mtu.

"Mashallah, Mariamu! Mkono wako una baraka."

"Si mimi, baba. Ni Mwanaidi."

Alishangaa kidogo, kwa uaminifu kabisa. "Mwanaidi aliondoka kabla hazijaota."

"Hazikuwahi kufa," Hajja akasema. Lakini simu ya Baba ilikuwa imelia, na alikuwa ameshageuka kwenda kupokea sifa.

Nami nilimtumia Bi Mwanaidi picha. Jibu lilikuja kwa sauti, nyuma yake kunasikika mafuta yakikaanga na mtu anauliza bei ya bajia. "Mkenya, nimeziona. Zimependeza, wallahi. Nguo haikugusa jani, eh? Vyema. Sikiliza. Salma chuo kimemshinda, mwaka ule ule nilivyorudi. Si akili, akili anayo, ni ada. Kapata visa, anakuja huko huko. Namba yako nimempa. Mfundishe kazi, mwanangu, kama nilivyokufundisha."

Nilikaa Suwaidi mpaka Hajja alipofariki. Baada ya arobaini Baba alifanya uani kuwa marumaru, watoto wapate pa kuendeshea baiskeli, na watoto waliendesha. Nilichukua mzizi mmoja katika soksi, ukakaguliwa uwanja wa ndege ukatupwa, ndiyo sheria. Kisu kilikuwa kwenye sanduku, kikapita.

Lakini nimeruka jambo moja, na mwalimu akiwasomea wasichana nataka lisomwe mwisho. Salma hakupangiwa Riyadh. Alipelekwa Jeddah, Mahjar, kusini mwa mji. Alinipigia siku zake za mwanzo, mimi niko uani nakunja mashuka baada ya baridi, na sauti yake ilikuwa ya bibi yake kabisa, ila haijakauka.

"Shangazi, bibi kasema utanifundisha kazi."

Nikatafuta la kumwambia. Udongo ulowe mchana. Jua likifika kwenye matofali, funua. Mgumu ni mzima, laini ni mfu. Yote niliyoyajua vizuri yalikuwa ya baridi, naye alikuwa mahali ambapo baridi haifiki kabisa.

"Salma mwanangu," nikamwambia, "kabla hujauliza jikoni ni wapi, ujue ufunguo wa mlango anakaa nao nani."

"Ufunguo? Wa mlango gani, shangazi?"

Nilipotaka kumjibu nikasikia nyuma yake sauti ya mwanamke inapaza, mara ya kwanza, mara ya pili: "Mariamu! Ya Mariamu!"

"Nakuja, madam!" akajibu. Kisha kwangu, haraka, "Naitwa, shangazi," na simu ikakatika.